Mvua na Kilo za Dotto

Jumatano, 5 Machi 2025. Mikumi.
Mvua: 3.2. Dotto: kilo 17.2. Kulwa: kilo 20.1.

Kuanzia leo nitaandika kilo za watoto chini ya mvua. Kusoma mvua ndiyo kazi yangu. Kila siku saa tatu kamili asubuhi ninafungua kipima mvua kilicho nyuma ya ofisi ya maji, ninamimina maji kwenye kichupa chenye mistari, ninaandika milimita na kutuma namba Morogoro. Ni mwaka wa tisa sasa. Katika daftari la ofisi kuna kistari kimoja tu mahali pa namba, siku niliyojifungua mapacha.

Mapacha wana miaka sita. Kulwa yuko darasa la kwanza na anaongea kwa niaba ya watu wawili. Dotto ana usonji. Daktari aliyetuambia aliliandika neno hilo kwenye karatasi ili tusilisahau. Dotto ana maneno yasiyozidi kumi, na anakula vitu vitatu: chapati, maziwa mgando na biskuti za duara. Kingine chochote anakinusa, kisha anageuza uso.

Mwezi uliopita mshauri wa lishe kutoka Morogoro, Bwana Gerald, alizungumza nasi katika ukumbi wa parokia. Alisema ngano na maziwa vinawalewesha watoto wa aina hii, na ukiviondoa kwa siku tisini mtoto anaamka. Alituonyesha video ya mtoto aliyeita "mama" siku ya sitini. Nikanyoosha mkono.

"Wangu hali kingine. Nikimnyima hivyo, atakula nini?"

Akacheka kwa upole. "Mama, hakuna mtoto anayekaa mbele ya sahani akafa njaa. Akiona hakuna kingine, atakula. Shida huwa ni mama kumwonea huruma kabla ya wakati."

Leo ni Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima, nimeona tarehe imejileta yenyewe. Unga wa ngano, maziwa na biskuti nimevitoa vyote nikampa jirani. Siku ya tisini itakuwa 2 Juni.

Ijumaa, 7 Machi.
Mvua: 0. Dotto: 16.9.
Hajala tangu jana. Maji anakunywa.

Jumapili, 9 Machi.
Mvua: 11.5. Dotto: 16.7. Kulwa: 20.0.

Mama mkwe wangu, Yunis, amekuja kutoka Zombo na kibuyu cha maziwa kama desturi yake. Wao ni Wasukuma, walihamia huku na ng'ombe wao Baba Kulwa akiwa mdogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wako wapi wajukuu zangu waje wanywe?"

Nikamweleza habari ya siku tisini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza jambo moja tu.

"Na Kulwa?"

"Kulwa hana shida, mama. Yeye atakula kama kawaida."

"Mapacha hawali tofauti. Cha mmoja ni cha mwenzake, na anachonyimwa mmoja ananyimwa mwenzake. Ukiwagawa kwenye chakula, mmoja ataondoka."

"Basi, mama, wote wawili hawatakunywa."

Nadhani alitegemea nichague upande wa pili. Kwa miaka sita nimekuwa nikibishana na mila hizi za ukoo wa mume wangu. Leo nimekubali moja kwa sababu imenifaa. Kama Kulwa naye hanywi, nyumba nzima haina maziwa, na hakuna wa kumjaribu Dotto. Mama mkwe aliondoka na kibuyu chake kikiwa kimejaa vile vile. Kulwa alimsindikiza mpaka barabarani akikishika kwa mkono mmoja.

Jumatano, 12 Machi.
Mvua: 4.6. Dotto: 16.5. Kulwa: 19.8.

Wali mkavu vijiko vitatu, saa saba. Saa nane alipiga kichwa ukutani mara kumi na tisa. Nilihesabu. Nikamtumia Bwana Gerald ujumbe, naye akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Hiyo ni sumu inatoka, mama. Usirudi nyuma."

Jumamosi, 15 Machi.
Mvua: 0. Dotto: 16.4.

Jirani yetu Mwanne anauza chapati. Mwezi huu wa Ramadhani anakaanga alasiri badala ya asubuhi, na harufu inaingia kwetu saa kumi kamili. Dotto amesimama kwenye ukuta wa uani tangu saa kumi mpaka jua linatua, pua imeelekea huko. Nilipokwenda kumtoa, Mwanne alikuwa na wateja.

"Mama Kulwa," akaniita kwa sauti ya kusikika, "huyo mwanao amefunga Kwaresima au Ramadhani? Maana sisi magharibi ikifika tunafungua."

Wanawake wakacheka. Nikamwambia, "Wewe kaanga, mimi nilee." Wakacheka tena, na safari hii ni kwa jibu langu.

Jumatano, 19 Machi.
Mvua: 22.0. Dotto: 16.3. Kulwa: 19.7.

Jumamosi, 22 Machi.
Mvua: 7.3. Dotto: 16.3.
Wali vijiko viwili.

Jumatano, 26 Machi.
Mvua: 18.8. Dotto: 16.4. Kulwa: 19.7.

Ameongezeka gramu mia. Baba Kulwa alirudi kutoka kazini (anaziba matairi ya malori pale barabara kuu) akanikuta nikiandika.

"Anakula nini siku hizi?"

"Wali. Vijiko viwili, vitatu."

"Vijiko vitatu ndiyo vinamwongeza?"

"Mwili umeanza kupokea."

Alinawa mikono, muda mrefu, kwa sababu ya grisi. "Wewe ndiye mwenye shule," akasema. Bwana Gerald ameziweka namba zangu kwenye kundi la kina mama la kwenye simu, na kichwa cha habari: USHUHUDA KUTOKA MIKUMI. Wamenipongeza kina mama thelathini na mmoja. Mmoja kutoka Iringa ameandika kwamba amelia.

Jumatatu, 31 Machi.
Mvua: 30.4. Dotto: 16.4.

Idd. Mwanne alituletea sinia la pilau na chapati juu yake. Nikapokea pilau, chapati nikamrudishia.

"Unanirudishia chapati siku ya Idd?"

"Nimekushukuru kwa pilau."

Alizibeba akarudi kwake. Kulwa alikuwa mlangoni akitutazama sote wawili.

Alhamisi, 3 Aprili.
Mvua: 41.7. Dotto: 16.3. Kulwa: 19.6.

Nimeandika namba hizo hapo juu kabla sijajua thamani yake.

Shule zimefunga wiki hii, lakini Kulwa alikuwa anatembea na begi lake la shule mgongoni. Nilikuwa natafuta penseli. Nikalifungua begi, nikakuta daftari la hesabu limelowa mafuta, na katikati ya kurasa kuna chapati iliyokatwa vipande vyembamba, vyembamba kama vidole vya mtoto, vimepangwa sawasawa.

"Hizi za nani?"

"Za Dotto."

"Nani amekupa?"

"Mama mkubwa Mwanne. Namwoshea sufuria. Ananipa mbili, moja yangu, moja ya Dotto."

"Tangu lini?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Tangu Dotto aliposimama ukutani."

Kwa hiyo tangu tarehe 15. Namba zangu zote tangu hapo ni za uongo. Gramu mia nilizozitangaza kwa kina mama thelathini na mmoja zilikuwa za Mwanne. Katika kazi yangu, mtu akimimina maji kwenye kipima mvua wakati wewe hupo, daftari lote la msimu linakuwa halifai kitu. Hilo ndilo lililokuja kichwani kwanza. Ninaandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Wali wangu hali," nikamwambia Kulwa, "na chapati yako anakula. Kwa nini?"

"Wewe unamtazama, mama. Ukimtazama hali. Mimi nampa mkononi halafu naangalia kuku."

Nilichukua ufito. Nilimchapa mikononi, mara tatu kila mkono. Dotto alikuwepo. Nilimwambia Kulwa kwamba hiyo mikono ndiyo iliyomrudisha mwenzake nyuma, na kwamba kama Dotto hatasema maisha yake yote, ni kwa sababu ya mikono hiyo. Hakulia mpaka nilipofika mkono wa pili.

"Nikimpa tena utanichapa?"

"Nitakuchapa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Kisha nikaenda kwa Mwanne. Alikuwa anakanda unga, hakuinuka.

"Umemfanya mwanangu mwizi."

"Nimemfanya nini? Mtoto ameosha sufuria, nimempa chakula. Ungemwona anavyozihesabu hizo chapati zake, ungeona haya."

"Hizi ni shughuli za kitaalamu, Mwanne. Wewe huzijui."

"Kweli sizijui. Nimelea saba, wote wamekula, hakuna hata mmoja aliyehitaji mtaalamu wa kumnyima." Akaugeuza unga, akaupiga. "Nenda, mama. Unanikalia kwenye mwanga."

Bwana Gerald anasema hakuna njia, nianze upya siku ya kwanza. Kesho ni siku ya kwanza. Siku ya tisini ni 2 Julai.

Jumamosi, 5 Aprili.
Mvua: 15.0. Dotto: 16.0.

Baba Kulwa amempeleka Kulwa Zombo kwa bibi yake kwa pikipiki. Nimesema atasomea huko mpaka mwezi wa saba. Baba Kulwa hakubisha, ila aliuliza kama nimewahi kuwaona hawa watoto wakilala vyumba tofauti. Nikamwambia kila mtu ana mara yake ya kwanza.

Jioni mama mkwe akapiga simu.

"Umewatenganisha."

"Mama, ni kwa muda."

"Mwenzake huku amekataa maziwa. Nimemkalisha na kikombe, anasema Dotto hajanywa. Umenisikia, Mama Kulwa? Mtoto wa miaka sita."

Nikamwambia atazoea.

Jumatano, 9 Aprili.
Mvua: 9.9. Dotto: 15.6.
Nimempa wali mkononi na kuangalia kuku. Aliuangusha chini.

Jumamosi, 12 Aprili.
Mvua: 26.1. Dotto: 15.2.
Ndizi ya kuchemsha, viazi vitamu, uji wa ulezi bila sukari. Ameramba uji mara moja.

Jumatano, 16 Aprili.
Mvua: 33.5. Dotto: 14.7.

Hapigi tena kichwa ukutani. Siku ya nne leo. Bwana Gerald amefurahi sana, ameniambia nirekodi sauti fupi kwa ajili ya wenzangu. Nimerekodi. "Mwanangu ametulia," nimesema. Ni kweli. Anakaa kwenye mkeka upande wake wa kulala, upande wa Kulwa ameuacha wazi, na saa zinapita.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili.
Mvua: 12.2. Dotto: 14.4.

Pasaka, 20 Aprili.
Mvua: 5.0. Dotto: 14.1.
Baba Kulwa alimchinja jogoo. Dotto hakuangalia hata manyoya, na zamani alikuwa anayapenda.

Alhamisi, 24 Aprili.
Mvua: 44.8. Dotto: 14.1.

Kilo zimesimama hapo hapo siku nne. Baba Kulwa amekaa kitandani mgongo umenigeukia.

"Nikuulize kitu, Mama Kulwa. Hizo siku zikifika tisini, halafu asiseme?"

"Atasema."

"Akisema, si atasema ana njaa?"

Nikamwambia azime taa.

Jumatatu, 28 Aprili.
Mvua: 38.0. Dotto: 14.6.

Ameongezeka! Nusu kilo. Nimempima mara tatu, nikaiweka mizani kwenye saruji tupu, nikapima na tofali ninalojua uzito wake kuhakikisha. Ni 14.6. Na safari hii hakuna chapati ya mtu. Kulwa yuko Zombo, Mwanne hasemi nami, mlango ninaufunga mimi. Ni vijiko vyangu vya wali. Hata mashavu yamejaa. Bwana Gerald ameandika: "Mwili umesalimu amri. Sasa tunapanda." Nimemwambia Baba Kulwa.

Jumatano, 30 Aprili.
Mvua: 52.3. Dotto: 15.0.
Viatu vyake vya Krismasi havimwingii. Anakua.

Alhamisi, 1 Mei.
Mvua: 19.6. Dotto: 15.3.

Sikukuu ya wafanyakazi, lakini mvua haina sikukuu, nilikwenda kusoma nikarudi. Mlango nilikuwa nimeusahau wazi, na nilimkuta Mwanne ndani ya nyumba yangu. Hakupiga hodi, hakunisalimia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya Dotto na ameushika mguu wake.

"Nani amekuruhusu kuingia?"

"Nimemwona mlangoni nikadhani macho yangu." Alibonyeza kidole gumba juu ya mguu wa Dotto, akakiondoa. Shimo likabaki. Tulilitazama wote wawili. Halikujaa. Alibonyeza mguu wa pili, na hapo pia likabaki shimo.

"Anaongezeka," nikasema. "Ana kilo kumi na tano na..."

"Hii si nyama, Mama Kulwa. Ni maji. Mtoto amevimba njaa."

Nikaleta daftari. Sijui kwa nini nililileta. Nilimfungulia ukurasa, nikamwonyesha 14.1, 14.6, 15.0, 15.3, na Mwanne, ambaye hajui kusoma, alitazama karatasi kisha akanitazama mimi.

"Nimeona," akasema. "Sasa vaa viatu twende."

Kila siku nasimama na kichupa mkononi kupima maji. Haya yalikuwa mwilini mwa mwanangu, nikayapima siku nne, nikayaita kilo.

Ijumaa, 2 Mei. Kilosa.
Mvua: sijui.

Jana kituo cha afya Mikumi walimwekea dripu ya sukari mkononi, wakasema apelekwe Kilosa usiku huo huo. Baba Kulwa alipata gari la mteja wake. Barabara ilikuwa tope tupu, mahali pamoja maji yalipita juu ya kalavati tukasubiri saa mbili na nusu yapungue. Dotto alikuwa mapajani mwangu. Hakulia njia nzima. Nilitamani apige kichwa mahali popote.

Wodini alitupokea tabibu anayeitwa Elineema, kijana, anazungumza taratibu. Alimpima, akabonyeza miguu, akavuta ngozi. Akamwambia muuguzi alete maziwa.

Nikasema, na ninaandika neno kwa neno, "Haruhusiwi maziwa."

Akageuka. "Nani hamruhusu?"

Baba Kulwa akajibu, "Mama yake."

"Ana mzio? Akinywa anavimba, anatapika?"

"Hapana. Alikuwa anakunywa vizuri."

"Alikuwa anakunywa vizuri," tabibu akarudia, na akaandika. Kisha akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni wa nchi: kwamba mtoto aliyefika hali hii anatibiwa kwa maziwa maalumu ya pakiti, mililita chache kila baada ya saa tatu, na kwamba wali au uji wakati huu ungeweza kumuua. "Mama umesoma?"

"Kidato cha nne."

"Eeh," akasema.

Jumamosi, 3 Mei.

Amekataa. Kikombe ni cha plastiki ya bluu, maziwa ni ya uvuguvugu, yana utamu. Amefunga meno. Wakamwekea mpira wa kulishia puani. Nilimshika mikono kama walivyoniagiza. Saa kumi aliuvuta ukatoka na damu. Wakauweka tena.

Nilimtumia Bwana Gerald picha ya miguu. Akajibu baada ya saa moja: "Pole. Katika kesi kama hizi mara nyingi mzazi hakufuata maelekezo." Nilipotaka kuandika tena nikaona nimeondolewa kwenye kundi. Sauti yangu ile fupi imebaki huko. Huenda wanaendelea kuisikiliza.

Jumapili, 4 Mei.

Ameuvuta mpira mara mbili. Muuguzi wa zamu, Agness, aliniambia nimfunge mikono kwa kanga kitandani. Nilimfunga. Dotto hakupambana. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, akasema neno moja kati ya maneno yake kumi: "Kulwa."

Baba Kulwa alichukua pikipiki kwenda Zombo bila kuniuliza.

Jumatatu, 5 Mei.

Walifika saa nne asubuhi, Kulwa katikati ya baba na bibi, matope mpaka kifuani. Kulwa amekonda. Sikuwa nimefikiria kwamba Kulwa naye angekonda.

Agness akamwekea kikombe mkononi. "Haya mwanangu, mpe mwenzako. Kidogo kidogo."

Kulwa alikirudisha juu ya kabati. Akaiweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaishikanisha huko.

"Mpe," nikamwambia.

"Hapana."

"Kulwa, mimi mama yako nakwambia. Mpe."

"Utanichapa."

"Sikuchapi. Nilikosea. Mpe mwenzako."

"Ulisema hata kidogo."

Wodi nzima ilikuwa inasikiliza, kina mama saba na watoto wao. Nilipiga magoti kwenye saruji. Nilimwomba. Nilimwambia kwamba mikono yake ni mizuri, kwamba nilisema uongo. Alinitazama kwa makini, akatafuta kwenye uso wangu alama ya mimi kubadilika tena, na mikono ikabaki nyuma. Mama mkwe alisimama kando, hakumhimiza wala kumkataza. Mwishowe Kulwa alimvuta Agness sare, akamnong'oneza. Agness akaniangalia.

"Mama, naomba utoke kidogo."

"Amesema nini?"

"Amesema ukitoka atampa."

Nilitoka. Nimekaa barazani chini ya dirisha. Nilisikia Kulwa akisema, "Bibi, na wewe angalia huko." Kisha Agness akapita mlangoni na karatasi yake, akasema bila kusimama, "Mililita arobaini."

Jumanne, 6 Mei.
Barazani. Arobaini, arobaini, hamsini, hamsini. Hakutapika.

Ijumaa, 9 Mei.
Kilo zimeshuka mpaka 13.4. Elineema anasema ndiyo dalili njema, maji yanatoka. Mpira wameuacha. Kulwa anakunywa kikombe kimoja kila Dotto anapokunywa kimoja. Agness amekubali kumpa, sijui kwa utaratibu gani. Ninaingia kumwogesha na kumbadilisha. Saa ya kikombe ikifika Kulwa ananitazama tu, nami natoka.

Jumatano, 14 Mei.
Kilo 13.9. Mwanne amenitumia salamu na chapati kwa dereva. Zimeingia wodini, nilikuwa nje.

Jumatano, 21 Mei.
Dotto: 15.1. Kulwa: 20.2. Mvua imekatika, mchana wote jua.

Tumeruhusiwa. Jana jioni Baba Kulwa aliniita pembeni ya ukuta, akiwa ameshika kofia.

"Wanaenda Zombo. Wote wawili."

"Kwa muda gani?"

"Mama amesema mpaka wakubali wenyewe kurudi." Akatazama kofia. "Mimi nitakaa Mikumi, kazi iko pale. Wewe pia kazi yako iko pale. Tutakuwa tunakwenda."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilimuuliza tu kama Zombo kuna mizani. Akasema hakuna, na kwamba mama yake amesema hataki kuiona huko.

Leo Agness alikaa na mama mkwe kitandani akamweleza yote: maziwa mara ngapi, chapati zikatweje, kitu kipya kimoja kwa wiki kiwekwe pembeni ya sahani bila kumlazimisha, asitazamwe mdomoni. Mama mkwe alisikiliza kama alivyonisikiliza mimi siku ile ya Machi, mpaka mwisho. Kisha akachukua karatasi tupu, akaniletea barazani.

"Mama Kulwa, andika wewe. Macho yangu hayasomi, ila mjukuu atanisomea. Mwandiko wako unaeleweka."

Nikaandika. Nilipiga mistari kwa rula, nikaweka saa, nikaweka siku. Kulwa alikuja kusimama begani kwangu akisoma kwa silabi kila ninachomaliza. "Ma-zi-wa. Cha-pa-ti. Ma-zi-wa." Juu kabisa niliandika Watakaowalisha, na chini yake: Kulwa, Bibi.

"Wewe humo," akasema. Hakuwa ananicheka. Alikuwa anahakikisha.

"Simo."

Mama mkwe akasema, "Mama yenu atakuja Jumapili kuwaona."

Kulwa aliitazama karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa Jumapili.

"Aje tukishakula," akasema.

Aliendelea kukishikilia kidole pale, akisubiri. Nikaelewa anasubiri nini, nikaliandika na hilo.